Mtu wa Theluji na Hesabu ya Joto

Sisi wa Kitomanga twajua kuwa usiku wa mawingu huwa na joto, na usiku usio na wingu huleta baridi na umande. Aliyeitumia siri hiyo kuipigia hesabu dunia nzima ni Svante Arrhenius, aliyezaliwa Sweden mwaka 1859.

Mwaka 1884 walimu wake wa Uppsala waliipa tasnifu yake daraja hafifu. Mwaka 1903 nadharia ile ile ikampatia Tuzo ya Nobel. (Maafisa wenye kudharau kazi za vijana na walifikiri hilo.)

Jua huipasha ardhi moto, nayo ardhi hulirudisha joto hilo angani kwa mionzi isiyoonekana kwa macho. Mvuke wa maji na hewa ukaa huinasa mionzi hiyo, na sehemu yake hurudi chini. Baada ya miezi mingi ya kukokotoa kwa mkono, mwaka 1896 Arrhenius alitangaza kwamba hewa ukaa ikizidi maradufu, joto litapanda digrii 5 au 6. Wataalamu wa leo hukadiria 3 hivi.

Yeye, mtu wa theluji, aliliona ongezeko hilo kuwa neema kwa mavuno. Alifariki mwaka 1927, hewa ukaa ikiwa sehemu 305 hivi katika kila milioni. Sasa zimepita 420. Hata gesi yetu ya Songo Songo, inayotoa umeme tangu mwaka 2004, huiongeza, ingawa si sana kama makaa ya mawe.

Ndugu zetu wa visiwani hawakuandikiwa neema ile. Maji yakipata joto hutanuka, bahari ikapanda. Na Gereza la Kilwa Kisiwani limesimama ukingoni kabisa mwa maji.