Aliyebakwa ndiye aliyeteswa mahakamani

Binti akisema amebakwa, huku mtaani swali la kwanza ni kwa nini hakupiga kelele, la pili kwa nini amechelewa kusema. Mimi mwenyewe nishawahi kuuliza hivyo, tena nikajiona nimeuliza la maana. Mpaka nilipokutana na maisha ya huyu dada.

Artemisia Gentileschi alizaliwa Roma, Italia, mwaka 1593. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 12. Baba yake, Orazio, alikuwa mchoraji, akamfundisha kazi hiyo nyumbani. Mwaka 1610 alichora picha ya Susana, yule mwanamke aliyesingiziwa uzinzi na wazee wawili baada ya kuwakatalia. Kumbe yake yalikuwa njiani.

Mwaka 1611 Agostino Tassi, mchoraji aliyefanya kazi na baba yake, alimbaka. Kisha akamtuliza kwa ahadi ya ndoa, na jamaa ana mke tayari! Mwaka 1612 mzee Orazio akafungua kesi. Tassi akakana kila kitu. Wakaletwa mashahidi wa kumchafua binti, eti malaya. Wakaitwa wakunga wamkague mwili. Halafu, hapa ndipo nilipoishiwa nguvu, ili kupima kama anasema kweli wakamfunga kamba vidoleni na kuzikaza, Tassi akiwa mbele yake anaangalia. Vidole vya mchoraji, jamani! Hakubadilisha maneno yake.

Tassi akakutwa na hatia, akahukumiwa kufukuzwa Roma. Adhabu yenyewe haikutekelezwa. Aliyeondoka ni Artemisia: akaozeshwa haraka, akahamia Florence. Huko mwaka 1616 akawa mwanamke wa kwanza kupokelewa kwenye chama cha wachoraji wa mji ule. Baadaye alifanya kazi Napoli na hata London, na miaka ya 1650 alikuwa bado anachora.

Kumbukumbu za kesi ile zipo hadi leo. Kinachoniuma ni kwamba ushahidi ulikuwepo, hatia ikaonekana, na bado mbakaji akadunda mtaani. Yaani kamba zilikuwa za nini? Siku hizi hatufungi mtu vidole, ila yale maswali yetu mawili nayo ni kamba. Mimi nimeacha kuyauliza. Wewe je, mdau? Tiririka hapo chini.