UNAMPA MUNGU SAA NGAPI?

Rafiki, alfajiri uko mbioni kuwahi kupanga bidhaa Mtaa wa Kongo. Usiku unarudi hoi, kelele za Kariakoo bado ziko kichwani. Kuomba? Unasema nafasi huna. Basi sikia habari za kijana huyu.

Blasio Kigozi alikuwa Mganda, mdogo wake Simeon Nsibambi. Alifundisha wainjilisti kule Gahini, Rwanda. Kazi ilikuwa tele, lakini moyo ulikuwa umepoa. Mwaka 1935 aliacha shughuli zote, akajitenga wiki nzima, yeye na Mungu tu. Alitoka mtu mwingine! Kazi ni ile ile, ila sasa ilikuwa na moto.

Januari 1936 homa ilimwua Kampala, kabla hajasimama mbele ya sinodi kuliamsha Kanisa. Moto haukuzimika. Uamsho ulivuka mipaka, ukaingia hata Tanganyika.

Wewe huwezi kufunga biashara wiki nzima. Sawa. Anza na robo saa, saa ile ile kila siku, kabla wenzako hawajaamka. Chumba kimejaa? Toka uani. Dakika tano soma Neno. Tano ungama, taja dhambi kwa jina lake. Tano omba.

Usingoje kupata nafasi, ndugu yangu. Nafasi hutengwa. Blasio hakujua kwamba siku zake zimebaki chache. Je, wewe unazijua zako?

Hujawahi kuomba? Anza leo, hapo ulipo: mwambie Yesu akusamehe, aingie moyoni mwako. Kesho alfajiri, amka uongee naye tena.