Mtakatifu Fransisko wa Asizi: Alianza na Jiwe Moja

Wapendwa vijana, leo tumwangalie mtakatifu ambaye sisi wa Kibaha na Kisarawe tunamhitaji kweli kweli.

Fransisko alizaliwa Asizi, Italia, mwaka 1181 au 1182. Baba yake, Pietro di Bernardone, alikuwa tajiri wa biashara ya vitambaa, basi kijana akakua akijua raha: nguo kali, marafiki, sherehe hadi usiku. Alitamani pia sifa za vita. Mwaka 1202 akaenda kupigana na mji jirani wa Perugia, akatekwa, akakaa kifungoni karibu mwaka mzima. Baadaye akaugua sana, na zile raha za zamani hazikumnogea tena.

Siku moja, akisali mbele ya msalaba katika kikanisa kibovu cha Mtakatifu Damiano, alisikia Bwana akimtuma aitengeneze nyumba yake inayobomoka. Kanisa zima lilikuwa na shida nyingi wakati ule, naye hakuwa askofu wala mfalme. Sasa angefanya nini? Alianza na ukuta uliokuwa mbele yake. Alizunguka mjini akiomba mawe, akayabeba mwenyewe mabegani, watu wakimcheka. Baba yake alipokasirika, Fransisko alimrudishia hata nguo alizovaa, mbele ya askofu. Baadaye wenzake wakamfuata, na mwaka 1209 Papa Inosenti III akaikubali namna yao ya kuishi.

Walioandika maisha yake mwanzoni wanasimulia kwamba ndugu walipokwenda kukata kuni, aliwakataza wasiumalize mti wote, ili upate kuchipua tena. Kwenye bustani aliagiza sehemu iachwe, majani na maua yaote yenyewe. Hata mnyoo njiani aliuokota akauweka pembeni usikanyagwe.

Mwaka 1225, mgonjwa na karibu kipofu, alitunga wimbo wa kumsifu Mungu kwa ajili ya jua, maji na ardhi. Akafariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226. Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo II alimtangaza msimamizi wa watunza mazingira.

Huyu si mgeni kwetu. Wakapuchini, watoto wake, walianza utume Dar es Salaam mwaka 1921, na shule ya Pugu, jirani kabisa na Kisarawe, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha, ilipewa jina lake. Lakini misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imeliwa miaka na miaka na shoka la mkaa. Na Mto Ruvu, unaochotwa maji pale Mlandizi, Kibaha, ulipungua mwaka 2022 mpaka Dar ikapata maji kwa mgao.

Najua kuna kijana anayesoma hapa ambaye ada yake imetoka kwenye gunia la mkaa. Fransisko hakuwakataza ndugu zake kukata kuni, kwa sababu walihitaji moto. Aliwakataza kuua kisiki. Na miti mingi ya kwetu, ukiacha kisiki kizima na kukikinga na moto, huchipua. Kumbe tofauti ya msitu na jangwa inaweza kuwa pale tu shoka linapoishia!

Mvua ya dunia nzima hatuiwezi. Ila kila jumuiya ndogo ndogo ina eneo lake: kisiki cha kulinda, miche michache ya kumwagilia mpaka kiangazi kipite, mfereji wa kuondoa plastiki kabla ya masika. VIWAWA na TYCS, wiki hii chagueni kimoja tu, kisha mwezi ujao mrudi kukiangalia. Fransisko naye hakuweka jiwe moja akaondoka. Alirudi na la pili, mpaka ukuta ukasimama.

Ee Mungu, tupe macho ya kuona ukuta ulio mbele yetu, na mikono isiyodharau jiwe dogo. Amina.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi, utuombee!