Karen Blixen na Mkono wa Kuazima

Ukitoka katikati ya Nairobi na kuifuata Barabara ya Ngong kuelekea magharibi, utafika mtaa wa Karen, ilipo nyumba ya mawe ambayo tangu 1986 ni makumbusho. Humo aliishi Karen Blixen, aliyezaliwa Denmark 1885 na kuja Kenya 1914 kulima kahawa.

Muda si muda aliugua kaswende. Alitibiwa kwa zebaki, kisha kwa dawa yenye aseniki. Maumivu ya tumbo yalimwandama maishani. Baadhi ya madaktari waliyahusisha na neva za uti wa mgongo zilizoathiriwa na kaswende, wengine na sumu ya dawa zenyewe.

Shamba lilimshinda, naye akarejea kwao 1931. Vitabu vilivyompa umaarufu aliviandika akiwa mgonjwa: hadithi zake zilitoka 1934, na kumbukumbu zake za Kenya 1937. Wasomi wetu wamemlaumu, tena kwa haki, kwa namna alivyomsawiri Mwafrika. Hata hivyo, maisha yake yana funzo jingine. Alipodhoofika, alimsimulia katibu wake, Clara Svendsen, naye akaandika. Mwaka 1959 alizuru Marekani akakutana na wasomaji wake. Alifariki 1962.

Dawa hazikumponya. Kilichomhifadhia utu wake ni kazi aliyoipenda na mtu wa kumsaidia kuifanya. Mtu mzima wa Kangemi au Kawangware ambaye misuli yake inalegea aghalabu hana fedha za kuajiri katibu. Mwalimu mwenzangu, nawe mwanafunzi, je, tutamwazima mkono, au tutamfungia mlango wa chuo kwa kuwa kalamu imemponyoka?