Al-Zahrawi, Tabibu wa Andalus Aliyeichunga Ngiri Isirudi

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ziko kuta ambazo ufa huzibwa kwa ustadi na ukafunguka tena, kwa kuwa udongo wenyewe haushiki. Ndivyo ilivyo ngiri kwa baadhi ya watu. Ukuta wa tumbo huachia mwanya na utumbo ukatokeza kinenani. Mgonjwa hupasuliwa, akashonwa, akapona, kisha baada ya muda uvimbe ukamrudia palepale. Miaka elfu moja iliyopita, alikuwako tabibu wa Kiislamu aliyeuona ugumu huo na kuufanyia kazi.

Jina lake ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas, na nasaba yake ilirudi kwa Ansari wa Madina. Aliitwa Al-Zahrawi kwa ajili ya mji wake, Madinat al-Zahra, ambao Khalifa Abdurrahman wa Tatu alianza kuujenga mwaka 936 karibu na Cordoba, huko Andalus, nchi ambayo leo ni Uhispania. Zama hizo Cordoba ilikuwa na sifa kubwa kwa misikiti yake, maktaba zake na wanachuoni wake.

Karibu na mwaka 1000, Al-Zahrawi alikamilisha kitabu chake kikubwa cha utabibu, kiitwacho Al-Tasrif, chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho aliiweka kwa ajili ya upasuaji, na humo alichora picha za vyombo vya kazi vipatavyo 200. Aliwaandikia wanafunzi wake, nao aliwaita wanawe. Aliwasikitikia kwamba kazi ya upasuaji imeshuka hadhi, akawasimulia habari za matabibu wajinga waliowaua wagonjwa kwa kukata wasipopajua. Kwake yeye, asiyejua maumbile ya mwili hana ruhusa ya kushika kisu.

Katika kitabu hicho aliitenga ngiri ya utumbo na busha, ambalo ni maji tu yaliyojaa, akaeleza kila moja na dawa yake. Ngiri aliitibu kwa chuma cha moto. Mgonjwa alilazwa chali, utumbo ukarudishwa ndani kwa kidole, mahali pale pakatiwa alama kwa wino, na msaidizi akapazuia kwa mkono ili chuma kisiguse utumbo. Pakichomwa, pangefunga kovu gumu la kuuziba mwanya.

Lakini kwa Al-Zahrawi kazi haikuishia hapo. Aliagiza mgonjwa alale chali siku 40, ale vyakula laini visivyomfunga choo, asije akajikamua na utumbo ukatoka tena. Akiamka, afungwe mkanda uliotengenezwa vizuri, akae nao siku 40 nyingine. Muda wote huo apunguze kazi nzito, asijaze tumbo, wala asipige makelele. Maana ya masharti hayo ni wazi: tabibu huziba mwanya kwa saa moja, lakini kushika kwake ni kazi ya nyama yenyewe, nayo yataka muda.

Aliona pia kwamba miili haiko sawa. Aliandika habari za kijiji kimoja ambacho wanaume wake wakipata jeraha kubwa hutokwa na damu mpaka wakafa, akakiri kwamba hakuwahi kuusoma ugonjwa huo kwa waliomtangulia. Leo unaaminika kuwa ni himofilia, ugonjwa wa damu unaorithiwa.

Huo ni wa damu. Lakini uko urithi mwingine unaogusa ngiri hasa. Viungo vyetu vyote vimeshikanishwa na tishu unganishi, na nguvu ya tishu hiyo hutokana na nyuzi kama kolajeni. Wapo watu wanaozaliwa na nyuzi dhaifu. Maradhi ya Ehlers-Danlos na ya Marfan, yaliyopewa majina ya madaktari walioyaeleza baina ya mwaka 1896 na 1908, ni miongoni mwa hayo. Mwenye Ehlers-Danlos huweza kuwa na viungo vinavyopinda kupita kiasi, ngozi inayovutika, au makovu mapana na membamba kama karatasi. Mwenye Marfan mara nyingi huwa mrefu, na vidole vyake virefu vyembamba, na hatari yake kubwa iko katika mshipa mkuu wa moyo. Watu hawa hupata ngiri kuliko wengine, hata utotoni, na wakipasuliwa ngiri yao hurudi kwa urahisi zaidi, maana uzi wa daktari umeshonwa katika nyama isiyoushika. Kwa hiyo mpasuaji akijua mapema, huweza kutia wavu wa kuutegemeza ukuta, na kuwa na hadhari zaidi katika kushona na katika kumtunza mgonjwa.

Al-Zahrawi alifariki karibu na mwaka 1013. Fitina zilizoanza mwaka 1009 ziliupora mji wake wa Zahra na kuuacha magofu. Kitabu kikabaki. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikifasiri kwa Kilatini huko Toledo ile sehemu ya upasuaji, na wapasuaji wa Ulaya wakaisoma kwa karne nyingi.

Basi ndugu msomaji, ngiri ikirudi usimlaumu daktari upesi, wala usiione aibu ukaificha ndani ya kikoi. Na kabla ya kupasuliwa, mwambie daktari kama baba, mjomba au ndugu zako walipatwa na ngiri za kurudiarudia, au wana viungo vilegevu. Na ngiri ikiwa ngumu, ikauma sana na mgonjwa akatapika, apelekwe hospitali saa ile ile. Mwenyezi Mungu amrehemu Al-Zahrawi.