Maurice Tillet, Mwanamieleka Aliyependa Sataranji

Huku Ndabibi, upande wa magharibi wa ziwa la Naivasha, baridi ya usiku haimhurumii mtu wa pwani. Sisi wachache tuliokuja huku kwa ajili ya kazi, tukisha kuswali Isha hujifungia ndani, tukadurusu kidogo, kisha wapendao wakatandaza ubao wa sataranji. Usiku mmoja alipiga hodi kijana mpakizi wa magunia, mtu wa kiwiliwili kikubwa, taya nzito na viganja vipana, akaomba naye acheze. Baadhi yetu walicheka, na mmoja akanena kwamba mchezo huu ni wa akili wala si wa mabega. Sisi tuliosalia tulinyamaza, na kunyamaza kule twakujutia hata sasa. Ndipo tulipoona yafaa tuwaletee ndugu wasomaji habari za Maurice Tillet.

Lakini kabla ya hayo tuwajibu wale watakaouliza hukumu ya mchezo wenyewe. Maimamu wamekhitalifiana. Abu Hanifa, Malik na Ahmad walikaza. Ama Imamu Shafii, ambaye sisi watu wa pwani twafuata madhehebu yake, aliuona ni makuruhu tu, maadamu hauna kamari ndani yake wala haumpotezei mtu wakati wa swala. Ya kutosha hayo, turudi kwa mtu wetu.

Tillet alizaliwa mwaka 1903 katika nchi ya Urusi, na wazazi wake walikuwa Wafaransa. Baba alifariki mtoto angali mdogo, akalelewa na mama yake aliyekuwa mwalimu. Uso wake wa utotoni ulikuwa mzuri mno, hata mama akawa akimwita Malaika. Yalipozuka mapinduzi ya Urusi mwaka 1917, mama na mwana walihama wakaenda Ufaransa, wakakaa katika mji wa Reims. Hivyo kabla hajabaleghe vyema alikwisha kuwa mhamiaji, na mhamiaji alikuwa hata kufa kwake.

Alipokuwa kijana wa kiasi cha miaka 20 aliona miguu yake inavimba, na mikono, na kichwa. Madaktari walimwambia kuwa ana maradhi yaitwayo akromegali. Chini ya ubongo iko tezi ndogo, kadiri ya punje ya dengu, nayo ndiyo itoayo maji ya kukuza mwili. Ikiota uvimbe hutoa maji hayo kupita kiasi, na mtu aliyekwisha kukoma kurefuka huanza kunenepa mifupa: taya hujitokeza, paji la uso hutuna, ulimi huwa mzito, sauti hukwaruza, na moyo wenyewe hukua mpaka ukachoka. Mambo haya huja polepole sana. Mtu huona tu kwamba pete haimwingii tena kidoleni, na kwamba viatu vya mwaka jana vinambana, naye ni mtu mzima. Siku hizi maradhi haya hutibiwa kwa kupasuliwa na kwa dawa, na kadiri yajulikanavyo mapema ndivyo inavyokuwa heri. Katika zama za Tillet tiba ilikuwa haba. Kijana yule wa magunia tumemshauri aende Nakuru akapimwe damu, maana pete yake ameivua tangu mwaka juzi.

Tillet aliingia katika jeshi la wanamaji la Ufaransa, akatumika miaka 5 akiwa fundi wa mitambo. Mnamo Februari mwaka 1937, akiwa Singapore, alikutana na Karl Pojello, mwanamieleka mashuhuri wa asili ya Lithuania, aliyezaliwa mwaka 1893. Pojello alimtazama mtu huyu ambaye wengine walimkimbia kwa sura yake, akaona riziki. Twasema riziki kwa haki, kwani hakumtupa alipokwisha kufaidi, kama wafanyavyo matajiri wengi wa michezo. Alimchukua Paris, akamfundisha mieleka, akawa mlezi wake na rafiki yake.

Walipigana Ufaransa na Uingereza kwa muda wa miaka 2, mpaka Vita Kuu ya Pili ikawasukuma kwenda Marekani mwaka 1939. Huko Boston, Paul Bowser, mwenye kuandaa mashindano, alimtangaza kwa jina la Malaika wa Kifaransa. Jina lile la mapenzi ya mama sasa likawa la kuchekeshea watu. Mwezi wa Mei mwaka 1940 alitawazwa bingwa, na kwa miezi 19 hakushindwa na mtu. Silaha yake ilikuwa kumkumbatia mshindani na kumkaza mbavu mpaka asalimu amri. Hatuwafichi wasomaji wetu: mieleka ya namna ile aghalabu mshindi hupangwa kabla, kwa hivyo ushindi ule ni kipimo cha tikiti zilizouzwa kama ulivyo kipimo cha nguvu. Na tikiti ziliuzwa kwelikweli, hata wakazuka malaika wengine wa kuiga, mmoja wao Tor Johnson aliyeitwa Malaika wa Uswidi.

Magazeti hayakumhurumia. Walimpeleka katika jumba la makumbusho la Chicago wakampiga picha kando ya sanamu za watu wa kale wa mapangoni, ili watu waone jinsi anavyofanana nao. Sura ya Al-Hujurat imekataza kuitana kwa lakabu mbaya, na mtu huyu aliishi kwa lakabu. Walakini waliomjua nyumbani walisimulia mtu mpole, mwenye kusoma, mzungumzaji wa lugha kadha wa kadha. Alikuwa na rafiki mfanyabiashara katika mji wa Braintree, karibu na Boston, na nyumbani kwake ndiko alikokuwa akienda kucheza sataranji. Juu ya ubao ule hapana aliyelipa kiingilio kumtazama.

Kutoka mwaka 1945 afya yake ilikuwa ikidhoofika. Pambano lake la mwisho lilikuwa Singapore, Februari mwaka 1953, mji uleule alimokutana na Pojello, na alishindwa na Mwingereza Bert Assirati. Mwaka 1950 mchongaji Louis Linck wa Chicago alikuwa amechukua umbo la kichwa chake kwa chokaa. Nakala moja imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya upasuaji mjini humo.

Tarehe 4 Septemba mwaka 1954 Pojello alifariki mjini Chicago. Tillet alipopata habari ile, moyo wake uliokwisha kuchoka ulisimama, akafa siku hiyohiyo. Umri wake ulikuwa miaka 50. Wamezikwa pamoja katika makaburi ya Walithuania huko Justice, nje kidogo ya Chicago, chini ya jiwe moja.