Edmond Albius na Ua la Vanila

Bila shaka umepata kuuona mmea wa maboga uliochanua vizuri lakini usizae. Viboga vichanga hugeuka rangi ya manjano, kisha huanguka. Mara nyingi sababu ni kwamba nyuki hawakufika kuichukua chavua, yaani ule unga wa ua dume, na kuifikisha katika stigma ya ua jike. Kazi hiyo huitwa uchavushaji. Sasa utasoma habari za mtoto aliyeifanya kazi ya wadudu kwa mikono yake.

Edmond alizaliwa mtumwa mwaka 1829, katika kisiwa cha Réunion kilichoko mashariki ya Madagaska. Mama yake alifariki alipomzaa. Edmond hakusomeshwa, lakini bwana wake, Ferréol Bellier-Beaumont, alimfundisha habari za mimea. Alimwonyesha pia namna ya kuchavusha kwa mkono mmea mmoja wa jamii ya maboga.

Bustanini mle mlikuwa na mmea wa vanila. Asili ya vanila ni Meksiko, na wadudu wanaoichavusha huko hawakuwapo Réunion. Kwa hiyo mmea ule ulikaa miaka ipatayo 20 bila kuzaa.

Siku moja mwaka 1841, Bellier-Beaumont aliona matunda mawili juu ya mmea ule. Edmond, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alimweleza kuwa ameyachavusha maua yake. Hakusadikiwa mpaka alipoonyesha alivyofanya. Alikuwa amelichunguza ua akaona kwamba sehemu ya kiume na sehemu ya kike zimo pamoja, ila zimetengwa na utando mwembamba. Aliuinua utando kwa kijiti, kisha akaisukuma chavua kwa kidole gumba hata ikagusa stigma.

Edmond alipelekwa katika mashamba mengine kuwafundisha watumwa wenzake. Wenye mashamba walitajirika kwa vanila. Utumwa ulipokomeshwa kisiwani mwaka 1848, Edmond alipata uhuru na jina la Albius, lakini hakupata sehemu ya utajiri ule. Mtaalamu mmoja wa mimea hata alidai kuwa yeye ndiye aliyeivumbua njia hiyo. Bellier-Beaumont alimtetea Edmond kwa maandishi. Edmond alifariki mwaka 1880, akiwa maskini. Hata hivyo, wakulima wa Madagaska, Komoro na Uganda wangali wanaitumia njia yake.

Nawe unaweza kuwa mchunguzi kama Edmond. Asubuhi na mapema, chuma ua dume la boga, uondoe petali zake, kisha upake chavua katika stigma ya ua jike. Ua jike utalitambua kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Lifunge uzi ili ulijue, na ulitazame kila siku kwa muda wa juma moja.

Maswali
1. Kwa nini vanila haikuzaa Réunion kabla ya mwaka 1841?
2. Ua la vanila linatofautianaje na ua la boga?
3. Je, Edmond alitendewa haki? Toa sababu.